Fundi amekatwa vidole viwili na msumeno, mwajiri anataka atie sahihi barua ya elfu 60: WIBA inasemaje?

Mwakilishi_Viwandani

Wadau, naomba ufafanuzi kuhusu ajali ya kazini, hapa Kenya.

Fundi wa karakana ya mbao, umri miaka 26, alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia na msumeno wa mezani. Sasa ni wiki ya saba. Mwajiri alilipa hospitali siku ya kwanza na upasuaji, kisha akaacha. Kufunga kidonda na dawa fundi anajilipia, na ameambiwa atumie kadi yake ya SHA, ile bima ya afya ya serikali. Mshahara ulikoma siku ya ajali.

Hoja za mwajiri ni hizi: kwamba fundi ni kibarua wa siku, hana mkataba wa maandishi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeondoa kinga ya msumeno ili kazi iende haraka. Anatoa shilingi 60,000 kwa sharti fundi atie sahihi barua kwamba hatadai chochote tena. Hakuna fomu yoyote iliyopelekwa popote.

Alikuwa akilipwa 900 kwa siku, siku sita kwa wiki, karibu mwaka na nusu sasa, kupitia M-Pesa ya msimamizi.

Maswali: Je, kibarua analindwa? Ashtaki mahakamani moja kwa moja? Kiasi cha fidia hupigwaje hesabu? Na hizo wiki saba zimeshamfungia mlango?

---

MwanaLeba

Nianze na barua, maana ndiyo inayoweza kuharibu mengine yote. Asitie sahihi. Akihitaji pesa sasa hivi na mwajiri yuko tayari kutoa, apokee na atie sahihi risiti tu, iliyoandikwa waziwazi kwamba ni malipo ya matibabu au ya siku ambazo hajafanya kazi. Maneno "malipo ya mwisho" au "sina dai lingine" yasiwepo. Na hata barua ya aina hiyo ikishatiwa sahihi, haiondoi wajibu wa mwajiri wa kuripoti ajali.

Kibarua analindwa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo sote tunaiita WIBA, inamtambua mfanyakazi kama mtu aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba, na mkataba si lazima uwe karatasi. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ndiye aandike mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Asipoutoa, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa yapi unamwangukia yeye, si fundi. Mtu aliyefanya kazi mfululizo mwaka na nusu kuitwa kibarua wa siku ni jina tu.

Kuhusu kinga ya msumeno: fidia ya WIBA haitegemei nani alikosea. Kifungu cha 10 kinamwachia mwajiri utetezi mmoja mwembamba, kwamba ajali ilitokana na ukaidi wa makusudi wa mfanyakazi, na utetezi huo haufai kitu ikiwa ajali imeleta kifo au ulemavu mkubwa. Kutaka kumaliza kazi haraka, tena msimamizi akiwa anaona, si ukaidi wa makusudi. Isitoshe, kuhakikisha mashine hatari ina kinga ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007. Kwa hiyo mwajiri akiandika kwenye fomu kwamba msumeno haukuwa na kinga, amejishtaki mwenyewe kwa mkaguzi.

Mahakamani moja kwa moja, hapana. Hapa ndipo watu wengi hupoteza miaka. Kifungu cha 16 kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake kudai fidia ya ajali ya kazini ila kwa njia ya sheria hiyo. Kifungu hicho kilipingwa kortini kwa muda mrefu, Mahakama Kuu ikakibatilisha mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikakirudisha 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi tarehe 3 Desemba 2019 katika kesi ya Chama cha Mawakili dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Tangu hapo dai linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani DOSH. Wakili akikwambia leo atafungua kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri kwa ajali ya mwezi jana, muulize kwanza kifungu cha 16 atakivukaje. Kesi zilizokuwa mahakamani kabla ya uamuzi ule ni habari nyingine, zina utaratibu wake.

Kuna mlango mmoja uliobaki wazi: kama ajali ilisababishwa na mtu asiye mwajiri, kwa mfano lori la kampuni nyingine lililokuja kupakia, huyo anaweza kushtakiwa kwa njia ya kawaida, na korti itazingatia kile ulichopata kwa WIBA. Kwa fundi wenu sioni mtu wa tatu hapo.

Wiki saba hazijafunga chochote. Mwajiri alipaswa kuripoti kwa DOSH ndani ya siku 7 tangu ajue, na kutofanya hivyo ni kosa lake. Fundi ana miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai. Na hata pale mfanyakazi anapochelewa kumwarifu mwajiri, haki haifi ikithibitika mwajiri alijua kwa njia nyingine. Huyu alilipia upasuaji, atasemaje hakujua?

Aende ofisi ya DOSH ya kaunti ilipo karakana, achukue fomu ya DOSH/WIBA 1. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri akikataa kujaza yake, fundi asikae nayo nyumbani akisubiri huruma. Airudishe kwa afisa na barua fupi yenye tarehe ya ajali, saa, mashine, majina ya walioshuhudia, na kwamba mwajiri amekataa. Afisa ana mamlaka ya kumwandikia mwajiri na kufanya uchunguzi. Apige chapa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaothibitisha kwamba miezi 12 haikupita.

---

KlinikiYaKazi

Niongezee upande wa daktari, kwa sababu fidia yote inasimama juu ya asilimia moja inayoandikwa na daktari, na mara nyingi inaandikwa vibaya.

Usikimbilie tathmini ya ulemavu wa kudumu kidonda kikiwa kibichi. Vidole vilivyokatwa huendelea kubadilika: kigutu kinaweza kupata maambukizi na kukatwa tena juu zaidi, kiungo kilichobaki kikakakamaa, au neva ikafanya uvimbe unaouma kila kinapoguswa. Daktari akiandika asilimia wiki ya nne, hayo yote hayamo. Ripoti ya ajali iende mara moja, lakini tathmini ya mwisho ingoje mpaka daktari anayemtibu aseme hali imetulia. Haya ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Wengine huchelewesha ripoti wakingoja kupona, wengine huharakisha tathmini wakidhani ndiyo ripoti.

Jedwali la Kwanza la WIBA linahesabu vidole kwa pingili. Kupoteza pingili moja si sawa na kupoteza kidole kizima, na kidole gumba hakihesabiwi sawa na kidole cha mwisho. Kwa hiyo ripoti inayosema "alijeruhiwa vidole vya mkono wa kulia" haina thamani. Iseme kidole kipi, kimekatwa kwenye pingili ipi, mkono upi, na kama huo ndio mkono anaofanyia kazi. Iseme pia nguvu ya kushika imebaki kiasi gani, vidole vilivyosalia vinajikunja hadi wapi, na kama hisia zimepotea. Ziambatanishwe picha za eksirei za kabla na baada ya upasuaji. Hospitali nyingi humwachia mgonjwa picha zenyewe, basi azitunze pasipo joto wala unyevu.

Jambo ambalo madaktari wengi hawalijui ni kwamba Mkurugenzi anaweza kupandisha asilimia juu ya ile ya jedwali ikiwa jeraha lina madhara makubwa kuliko kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya mtu. Fundi seremala asiyeweza tena kubana patasi ni mfano mzuri. Lakini hataongezewa kama ripoti haisemi kazi yake inahitaji nini. Mwombeni daktari aandike hilo kwa sentensi mbili tatu.

Matibabu: kifungu cha 47 kinamtwika mwajiri gharama zote za busara zilizotokana na ajali. Humo mna daktari, upasuaji, kulazwa, dawa, uuguzi, nauli ya kwenda kliniki na kiungo bandia kikihitajika. Kadi ya SHA si mbadala wa wajibu huo. Aweke kila risiti, hata ya bandeji ya shilingi 150, na aandike kwenye daftari tarehe na nauli ya kila safari. Matatu haitoi risiti, lakini daftari lililojazwa siku kwa siku likilingana na kadi ya kliniki hukubalika kuliko jumla iliyobuniwa mwishoni.

---

BimaNaHesabu

Hesabu sasa.

Ulemavu wa kudumu: mapato ya mwezi × miezi 96 × asilimia ya ulemavu. Ndiyo kanuni ya kifungu cha 30.

900 kwa siku, siku sita kwa wiki, huchukuliwa kuwa siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 23,400. Mara 96 ni 2,246,400. Sitaki kubuni asilimia ya fundi wenu, hiyo ni kazi ya daktari na Mkurugenzi, lakini kwa kupima tu: kila asilimia moja ina thamani ya shilingi 22,464. Ikitoka asilimia 10 ni 224,640. Ikitoka 15 ni 336,960. Barua ya elfu 60 ni chini ya asilimia tatu.

Juu ya hapo kuna malipo ya kipindi ambacho hawezi kufanya kazi kabisa. Kifungu cha 28 kinampa malipo ya vipindi sawa na mapato yake akikosa kazi siku tatu au zaidi, hadi miezi 12. Miezi mitatu nyumbani ni 70,200, na hayo hayakatwi kwenye fidia ya kudumu. Waajiri wengi huihesabu likizo ya ugonjwa ya Sheria ya Ajira, ile ya siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kisha wanakata jina kwenye orodha. Likizo ile ni ya malaria na homa. Ajali ya kazini iko chini ya WIBA.

Ajali ikiua, wategemezi hulipwa mapato ya miezi 96, na mazishi yanamhusu mwajiri.

Mahali pesa hupotea kimyakimya ni kwenye kisanduku cha mshahara ndani ya fomu. Mwajiri akiandika 12,000 badala ya 23,400, fidia imekatwa karibu nusu na hakuna aliyegombana. Fundi aipitie sehemu ya mwajiri kabla haijaenda, au aombe nakala kwa afisa. Mapato ni pamoja na ovataimu ya kila mara na marupurupu ya kudumu. Ovataimu ya bahati nasibu na nauli aliyorudishiwa havimo.

Kwa kuwa hana hati ya mshahara, achukue stetimenti ya M-Pesa ya miezi 12 kabla ya ajali, ile rasmi ya PDF, si picha za meseji. Apigie mstari kila malipo yaliyotoka kwenye namba ya msimamizi. Kama baadhi ya siku alilipwa mkononi, mashahidi wawili wa karakana waandike taarifa fupi ya kiwango cha siku.

Sasa kwa nini mwajiri anang'ang'ania barua? Kifungu cha 7 kinamlazimu kila mwajiri awe na bima ya WIBA. Ada ya bima hupigwa kwa jumla ya mishahara aliyotangaza, na vibarua wengi hawatangazwi ili ada ishuke. Ajali ikitokea anaogopa kupeleka dai la mtu ambaye kampuni ya bima haijawahi kusikia jina lake, au pengine hana bima kabisa. Vyovyote vile, hayo ni kati yake na bima. Deni kwa fundi linabaki la mwajiri. Kwenye barua ya kwanza fundi aombe jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba wa bima, kisha apeleke nakala ya ripoti huko pia. Bima ikiwepo, mambo huenda haraka zaidi kuliko kumfuata mwajiri mfukoni.

---

Mwakilishi_Viwandani

Nimeelewa, ahsanteni sana. Hebu tufike mbele kidogo. Mkurugenzi akishatoa hesabu na mwajiri akanyamaza, nini kinafuata? Nimesikia watu wana karatasi ya DOSH mwaka wa tatu na hawajaona hata senti. Na je, asilimia ikitoka ndogo?

---

MwanaLeba

Karatasi hiyo ni DOSH/WIBA 4, tathmini na dai kwa mwajiri. Sheria inampa mwajiri au bima siku 90 kulipa tangu dai liwasilishwe, na Mkurugenzi siku 30 kumfikishia mfanyakazi pesa baada ya kuzipokea.

Asilimia ikitoka ndogo, pingamizi linaandikwa kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60 tangu uamuzi, kifungu cha 51. Ajibu ndani ya siku 14 kwa maandishi na sababu. Usiporidhika na jibu, una siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Pingamizi lisiwe malalamiko matupu, liambatane na ripoti ya daktari mwingine inayoonyesha ya kwanza iliacha nini. Na mwajiri naye amefungwa na siku hizo hizo 60. Akikaa kimya zikapita, hawezi kuja baadaye kortini kusema hakukubaliana na hesabu.

Kuhusu kukaza malipo, niseme ukweli: majaji wamegawanyika. Wapo wanaokubali ombi dogo la kuifanya tathmini ya Mkurugenzi kuwa hukumu ya mahakama, kisha ukakamata mali. Wapo wanaosema sheria haikuweka njia hiyo na wanataka kesi kamili ya kudai kiasi hicho kama deni. Ndiyo maana watu hukaa na karatasi miaka: waliingia kwa mlango mmoja, ombi likatupwa, wakakata tamaa.

---

Karani_wa_Mahakama

Naungana na MwanaLeba, ila naona watu wanalaumu mgawanyiko huo hata pale tatizo ni jalada lenyewe. Maombi mengi huanguka kwa sababu hakuna ushahidi kwamba mwajiri alipokea DOSH/WIBA 4. Bila tarehe ya kupokelewa, hizo siku 60 zilianza lini? Korti haiwezi kukisia.

Basi tathmini ikitoka, fundi asiiache ofisini ipelekwe "na ofisi". Aombe nakala, aipeleke kwa mwajiri mwenyewe au kwa mtu anayemwamini, kitabu cha kupokelea kitiwe sahihi. Mwajiri akikataa kutia sahihi, itumwe kwa posta iliyosajiliwa na risiti itunzwe. Siku 60 zikipita, arudi DOSH aombe barua inayothibitisha kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa. Karatasi hizo tatu, yaani tathmini, uthibitisho wa kupokelewa na barua ya kutokuwepo pingamizi, zinahitajika kwa mlango wowote kati ya ile miwili. Ombi likikataliwa, faili ni ile ile, unafungua kesi ya deni.

Asikae nazo. Madai ya ajira yana ukomo wa miaka mitatu, na wapo waliofika kaunta yangu wakiwa na kila kitu isipokuwa muda.

Halafu mchunge mkanganyiko mwingine: akifukuzwa kazi kwa kuwa amedai, hilo ni dai tofauti la kuachishwa kazi isivyo haki, na hilo linaenda mahakamani moja kwa moja. Lisichanganywe kwenye fomu ya DOSH.

---

Fundi_Temeke

Kwa wenzetu wa Tanzania Bara wanaosoma uzi huu: huku njia ni nyingine, msije mkatafuta DOSH. Sisi tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008. Ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Mwajiri ndiye anachangia, sekta binafsi asilimia 0.5 ya mishahara tangu Julai 2022, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Dai linaenda kwa Mfuko, si kwa bima ya mwajiri. Malipo ya kipindi cha kutoweza kazi ni asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24, si mshahara kamili kama WIBA. Ulemavu wa hadi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kinachofanana ni siku 7 za mwajiri kuripoti na miezi 12 ya kudai.

---

Mwakilishi_Viwandani

Ahsante ndugu zangu. Jumatatu nampeleka DOSH mwenyewe. Abebe nini?

---

MwanaLeba

Kitambulisho na nakala yake. Ripoti ya kutoka hospitalini na kadi ya kliniki. Stetimenti ya M-Pesa. Risiti zote, na lile daftari la nauli. Majina na namba za simu za mashahidi wawili ambao wamekubali kutajwa, msiwataje bila kuwauliza. Jina kamili la biashara kama lilivyo kwenye kibali cha kaunti ukutani, kwa sababu jina la kwenye bango la nje mara nyingi si jina la kisheria, na tathmini ikitoka kwa jina lisilo sahihi mtarudi mwanzo. Kama ile barua ya elfu 60 anayo, aibebe pia, bila sahihi. Inaonyesha mwajiri anaijua ajali.

Mpige picha mashine ilivyo leo kabla kinga haijarudishwa, kama kuna mwenzake ndani anayeweza kufanya hivyo bila kujiweka hatarini.